Kosa Moja Tu

Tunawasalimu ninyi mlio hapa Dzaleka, ninyi wa Nakivale, Nyarugusu na Kakuma, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma jioni mkishatoka kazini. Wiki hii ni zamu yetu kuandika.

Sisi ni vijana wanne wa kujitolea. Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi jioni tunakaa na watoto kwenye chumba kimoja cha matofali ya udongo, tunawasaidia na masomo yao ya shule. Wawili wetu ni Wakongo wa Kivu, mmoja Mrundi, mmoja Mnyarwanda, lakini tukikutana ni Kiswahili tu, hiki Kiswahili chetu cha kambini. Tunaandika "sisi" kwa sababu moja. Haya mambo yametupata wote, ila si siku moja na si kwa namna moja, na mnajua vile kambi iko: ukitaja jina la mtu asubuhi, saa kumi jioni liko kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo tukisema "mmoja wetu", tafadhali msiulize ni nani.

Tuanze na barua.

Mmoja wetu alimaliza sekondari akapata MSCE ya pointi nzuri. Kwa wale wasiojua, hapa Malawi pointi zikiwa chache ndiyo vizuri, na 6 ndiyo bora kuliko zote. Yeye hakuwa na 6 lakini alikuwa karibu. Akataka kuomba ufadhili wa kusoma nje. Waliomba barua ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, umepitia nini, unataka kusoma nini. Walitoa wiki tatu.

Barua ya kwanza aliimaliza kwa siku moja. Tuliisoma wote, ilikuwa nzuri kabisa. Yeye akasema hapana, sentensi ya pili haiko sawa. Akaandika nyingine. Hiyo nayo mwisho wake ulikuwa mfupi sana. Akaandika nyingine, ikawa inasikika kama mtu anayeomba huruma. Alifika barua ya kumi na moja. Usiku wa mwisho alikuwa na bando, simu ilikuwa na chaji, barua ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kubonyeza tu. Saa sita kasoro robo akasema, ngoja kwanza niangalie tena neno moja. Alikuwa bado anaangalia wakati saa sita ilipita na ukurasa ukafungwa.

Asubuhi mama yake akamuuliza, "Umetuma?"

Akajibu, "Nimetuma, mama."

Mama akafurahi, akawaambia wamama wa kanisa waanze kuombea lile jibu. Miezi miwili. Kila Jumapili watu wanamshika mkono mlangoni: jibu limekuja? Na yeye anajibu, bado tunangoja. Sisi wenzake watatu tulikuwa tunajua. Tukanyamaza pamoja naye.

Mtu wa mbali akisikia hii hadithi atasema huyo kijana ni mvivu, au ana kiburi. Si mvivu, na kiburi angekipata wapi? Alikuwa anaogopa. Tumekaa chini sisi wanne tukajiuliza huo woga tuliupata wapi, na jibu letu ni hili: tuliupata kwenye karatasi.

Mmoja wetu alifika hapa akiwa mtoto. Jina la baba yake lina herufi "r". Kichewa kinabadilishana "r" na "l" bila shida, na hata sisi kwetu wengine wanazibadilisha. Basi kwenye karatasi moja jina likaandikwa kwa "r", kwenye nyingine kwa "l". Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Lakini faili ilipofika mahali fulani, wakauliza: hawa ni watu wawili au ni mtu mmoja? Familia ikaambiwa ingoje. Ilingoja miezi kumi na nne kwa sababu ya herufi moja. Majirani waliofika pamoja nao wakahojiwa, wakaondoka, wakatuma picha zenye theluji. Baba akabaki anaitazama ile karatasi kama inamtukana.

Mwingine wetu alikuwa na miaka tisa wakati familia iliitwa kwenye mahojiano. Wiki nzima kabla ya hapo, kila usiku baada ya kula, papa alikuwa anawapanga watoto kwenye mkeka na kuwauliza. Tulitoka kijijini mwezi gani? Tulilala wapi siku ya kwanza? Kwenye ziwa tulikaa siku ngapi? Nani alikufa kwanza, babu au mjomba? Mtoto akikosea, papa hakumpiga. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Ukikosea hapa, utatufungia njia sisi wote." Hebu fikirini, miaka tisa, unabeba njia ya watu saba mdomoni.

Halafu kuna mambo ya kuchekesha kidogo. Wengi wetu tumezaliwa tarehe 1 Januari, angalau kwenye karatasi. Mwaka mpya ukifika, nusu ya vijana wa kambi wanaongeza umri siku moja. Tunacheka, lakini ndani yake kuna somo: kilichoandikwa kina nguvu kuliko kilichotokea. Mama yako anaweza kukumbuka mvua ya siku uliyozaliwa, na bado atakayeaminiwa ni karatasi.

Tena milango ni michache. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, likiwemo jambo la kazi na la kutembea. Mkimbizi haruhusiwi tu kuamka na kwenda kuishi Lilongwe atafute ajira. Kwa hiyo kijana anaona milango miwili au mitatu: ufadhili, kupelekwa nchi ya tatu, au kazi ndogo ya shirika yenye posho. Mlango mmoja, watu mia wanasukuma. Hapo unaamini kwamba atakayepita ni yule ambaye hana kosa hata moja.

Na hata jina la hapa tunapoishi linatukumbusha. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza, na wakati wa Rais Kamuzu Banda walifungwa humo watu wa siasa. Wenyeji wanatuambia jina lenyewe kwa Kichewa lina maana ya mtu anayesema "sitarudia tena". Ndiyo anwani yetu. Tunakula, tunalala, tunaoa na kuzaa ndani ya neno la mtu anayeahidi hatakosea tena.

Basi, kuwa makini na karatasi si ugonjwa. Ni akili. Mtu asiyeangalia herufi za jina lake hapa kambini, huyo ndiye tutamshangaa. Shida yetu ilikuwa kwamba ile sheria ya karatasi haikubaki kwenye karatasi. Ilitoka ofisini ikatufuata mpaka nyumbani, ikaingia darasani, ikakaa kati yetu na marafiki.

Kwanza iliingia mwilini. Mmoja wetu alikuwa anaamka saa nane usiku anakumbuka kitu alichosema mchana kwenye mkutano. Neno moja la Kiingereza alilitamka vibaya mbele ya wageni, na wageni wenyewe wala hawakusikia. Yeye analirudia, analirudia, mpaka jogoo anawika. Kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula. Alienda kliniki mara tatu kuomba dawa ya malaria. Walimpima, hakuna malaria.

Pili iliingia darasani. Tulikuwa na kalamu nyekundu. Tuliinunua kwa pesa zetu na tulijivunia nayo, maana walimu wa kweli wanayo. Tukawa tunasahihisha daftari za watoto kila kosa, kila nukta, kila herufi kubwa iliyosahauliwa. Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka kumi na mbili, anapenda kuandika hadithi ndefu. Siku moja tulimrudishia ukurasa wake ukiwa mwekundu kama umechinjiwa kuku. Hakulia. Alikunja ukurasa, akauweka mfukoni. Wiki iliyofuata akaanza kuandika sentensi tatu tu, fupi, zote sahihi. Baada ya hapo akaacha kuja. Tulisema, watoto wa siku hizi hawapendi masomo.

Tatu, na hii ndiyo inatuuma zaidi, iliingia kati yetu na dada mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi. Zamani tulikuwa watano. Kwa ajili ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, yeye ndiye alipewa kazi ya kuandika bango la kikundi. Alikaa nalo siku mbili, akachora watoto, akachora mlima, akaandika kwa rangi ya bluu. Kumbe kwenye neno "WAKIMBIZI" aliruka herufi. Akaandika "WAKIMBZI".

Sisi wanaume tuliona saa moja jioni, yeye akiwa ameshaenda nyumbani. Tungeweza kumpigia simu. Tungeweza kungoja asubuhi. Badala yake tuliogopa wageni wataona, watasema hawa hawajui hata kuandika jina lao. Tukalitoa ukutani, tukanunua karatasi nyingine, tukakesha tukiandika jipya. La kwake tulilikunja tukalisukuma nyuma ya kabati. Asubuhi alikuja amevaa kitenge kizuri, amekuja na mdogo wake amwonyeshe kazi yake. Akaangalia ukuta. Akatuangalia. Hakugomba. Alisema tu, "Si mngeniambia? Ningeongeza hiyo i kwa kalamu."

Alikaa mpaka sherehe ikaisha, akasaidia kuosha vikombe, na kesho yake hakurudi. Wageni walisifu bango letu. Halikuwa na kosa hata moja.

Miezi mingine ikapita. Baadaye tulialikwa kwenye mafunzo ya siku tatu kuhusu afya ya akili, tufundishwe vile vijana wa kujitolea wanaweza kutambua mtu mwenye shida na kumpeleka kwa mshauri. Tulienda kujifunza habari za watu wengine. Siku ya pili mama aliyekuwa anafundisha akazungumzia tabia ya kutaka kila kitu kiwe bila kosa. Alitueleza kwamba wanasaikolojia wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliigawa hiyo tabia mara tatu mwaka 1991. Kuna mtu anayejidai mwenyewe asikosee. Kuna anayewadai wengine wasikosee. Na kuna anayeamini kwamba watu wote wanamdai yeye asikosee, na kwamba akikosea hawatampenda tena. Hii ya tatu ndiyo mara nyingi inaonekana kwa watu wenye huzuni nzito na waliokata tamaa.

Tulitazamana. Ya kwanza ilikuwa ile barua. Ya pili ilikuwa bango na kalamu nyekundu. Ya tatu ilikuwa sisi wote, tangu kwenye ule mkeka wa papa.

Jioni ile yule wa barua alirudi nyumbani akamkuta mama yake anachambua maharage. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama, ile barua sikutuma."

Mama akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu ile usiku."

Mama akaendelea kuchambua. Hakusema neno lingine. Kwa siku tatu chakula kiliwekwa mezani kama kawaida lakini bila salamu. Jumapili alisimama mwenyewe mbele ya wamama wa kanisa, akasema maombi yale yaishe, mtoto hakutuma. Kijana alitamani ardhi ipasuke. Usiku ndipo mama akazungumza. "Mimi kusoma sijui. Ungetuma barua yoyote, ningeona ni nzuri. Lakini miezi miwili nilikuwa naamka saa tisa usiku kuomba, na wewe uko chumba hiki hiki, ulikuwa unanisikia."

Hilo ndilo lilimvunja. Alikuwa amejiambia kwamba anamlinda mama asipate aibu. Kumbe alikuwa anajilinda yeye asionekane amekosa, na aliyelipa ni mama, kwa usingizi wake.

Hatutaki kuwadanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilikaa sawa. Tulienda kwa yule dada, wote wanne, tukaomba msamaha. Alitukaribisha, akatupa chai na maandazi, akasema amesamehe. Tukamwomba arudi. Akasema hapana, sasa hivi anashona nguo na mama yake mdogo, na pale akikosea mshono wanaufumua, wanacheka, wanashona tena. Tukikutana sokoni anatusalimia vizuri. Lakini kwenye kikundi hakurudi. Lile bango lake tulilitoa nyuma ya kabati, tukampelekea. Liko kwake ukutani. Ile i ameiongeza kwa kalamu.

Yule mvulana tulimfuata nyumbani. Tulimwambia kalamu nyekundu imekwisha wino, na ni kweli, tuliiacha ikaisha na hatukununua nyingine. Sasa tunatumia penseli. Kwanza tunasoma hadithi mpaka mwisho, tunamwambia mtoto ni wapi tumecheka au tumeogopa, halafu tunaonyesha makosa mawili tu. Mengine yatangoja wiki nyingine. Amerudi, na hadithi zake zimekuwa ndefu tena, zimejaa makosa.

Na barua? Mwaka uliofuata mlango ule ulifunguliwa tena. Safari hii tuliweka sheria: mtu anaandika, mwenzake anasoma, anarekebisha mara mbili, halafu anatuma siku nne kabla ya mwisho, sisi wote tukiwa tumemzunguka. Alituma. Hakuchaguliwa. Siku ile alilala mchana kutwa, na mama yake akamwachia chakula chini ya sahani. Siku ya pili akaja darasani saa ya kawaida. Alituambia kwamba kukataliwa kunauma, lakini kunauma mara moja. Ile ya kutotuma ilikuwa inamuuma kila asubuhi.

Wenzetu, hatusemi mfanye mambo ovyo. Jina lako liangalie herufi kwa herufi. Tarehe zako ziweke vizuri. Ukiona kosa kwenye karatasi, nenda useme mapema, usingoje. Tunachosema ni kwamba mdogo wako si faili. Mchumba wako si fomu. Rafiki akikosea, hakuna ofisi itakayomfungia njia isipokuwa wewe. Na wewe mwenyewe, saa nane usiku, hakuna anayekuhoji. Kama wiki mbili zimepita hulali, chakula hakiingii, na kichwani unarudia kosa lile lile, usiende kutafuta malaria peke yake. Muone mshauri. Sisi wawili tumeenda. Hakuna aliyetuita wazimu.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, tunaomba mambo mawili kwa heshima. La kwanza, mkitupa fomu ya kujaza, tuambieni pia kosa likitokea linarekebishwa wapi na kwa muda gani. Hilo neno moja linaweza kumpa mtu usingizi. La pili, wageni wakija mnapenda kumsimamisha kijana mmoja na kusema huyu ni mfano. Tunajua mnafanya kwa nia njema. Lakini yule kijana kesho yake anaogopa hata kuonekana amekaa na marafiki anacheka, maana mfano hapaswi kukosea. Siku nyingine mkitaka kutusifu, muulizeni kijana alishindwa nini mwaka huu na nani alimsaidia kuamka. Wageni watatuelewa zaidi.

Hii makala tumeiandika kwa jioni tatu. Tumeisoma mara mbili, kama sheria yetu inavyosema, na sasa tunaituma. Mkiona herufi imeruka, tuambieni. Tutaiongeza.